Kifaa cha kutafutia samaki: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Upepo wa Kaskazi unapoingia na bahari kutulia, wavuvi wengi wa Kwale wanaotumia mitumbwi, hori na ngalawa hurudi kwenye miamba ya nje waliyoiacha wakati wa Kusi. Siku hizi kuna wengine pia, hasa vijana na wavuvi wa burudani, wanaotoka kwa kayaki za plastiki. Kwa wote hao, swali limekuwa moja: je, kifaa cha kutafutia samaki kinafaa kwa chombo kidogo kisicho na injini, na kama kinafaa, mtu achague kipi?

Swali hili linastahili jibu la makini kwa sababu ya gharama. Hata kifaa kidogo chenye skrini yake hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na bado betri haijanunuliwa. Kwa mvuvi wa mshipi hizo ni pesa ambazo zingeweza kurekebisha mtumbwi mzima. Akikosea kuchagua, atabaki na sanduku linaloonyesha rangi nyingi lisiloongeza hata samaki mmoja kapuni.

Jambo la kwanza la kusema wazi ni kwamba si kila mvuvi anakihitaji. Anayetega malema kwenye nyasi za bahari, anayetafuta pweza miambani maji yanapokupwa, au anayevua ndani ya mwamba ambako maji hayazidi mita 3, hatapata faida ya maana. Katika kina kidogo namna hiyo kifaa hutazama duara la mita moja hivi chini ya chombo, na macho ya mvuvi mwenyewe huona zaidi ya hapo maji yakiwa safi. Kifaa huanza kulipa pale mvuvi anaposhusha mshipi kwenye mita 10, 20 au 40, mahali asipoona sakafu ya bahari na ambapo hatua chache tu kutoka kwenye mwamba wenye changu na tewa ni mchanga mtupu.

Kinavyofanya kazi

Wazee walipima kina kwa bildi: risasi iliyofungwa kwenye kamba yenye mafundo ya pima. Wengine walipaka shahamu chini ya risasi ili ikirudi juu ionyeshe kama chini kuna mchanga, tope au mwamba. Kifaa cha kutafutia samaki hufanya kazi hiyo hiyo kwa kutumia sauti.

Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni skrini anayoitazama mvuvi. Ya pili ni transdyusa, kidude kidogo kinachokaa majini na kuunganishwa na skrini kwa waya. Transdyusa hupiga mlio ambao sikio la binadamu haliwezi kuusikia, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde, kifaa hujua kwamba sauti imesafiri mita 60 kwenda na kurudi, kwa hiyo chini ni mita 30. Mahesabu hayo hurudiwa mara nyingi kila sekunde na kuchorwa kwenye skrini.

Samaki wengi huonekana kwa sababu wana kibofu cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea, na hewa hurudisha sauti kwa nguvu sana. Papa na taa hawana kibofu hicho. Pweza na kamba pia hawana. Viumbe hao huonekana kwa shida au hawaonekani kabisa. Mvuvi anayelenga taa, kwa mfano, asinunue kifaa akitarajia kumwona taa mwenyewe. Kitamwonyesha mchanga na kina ambako taa hupenda kulala, basi.

Masafa na upana wa kuona

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa hiyo inafaa kutua kidogo. Sauti inayotoka kwenye transdyusa husambaa kama pia iliyopinduliwa: nyembamba juu, pana chini. Upana wake hutegemea masafa ya mlio, yanayopimwa kwa kilohezi.

Masafa ya 200 kwa kawaida hutoa pia nyembamba, mara nyingi ya nyuzi 20 hivi. Kwa pembe hiyo, kwenye kina cha mita 10 kifaa huona duara la upana wa mita 3 na nusu, na kwenye mita 30 duara la takriban mita 10 na nusu. Picha huwa safi na samaki wawili walio karibu huonekana kama wawili. Masafa ya chini, kama 77, 83 au 50, huweza kufungua pia hadi nyuzi 60 kwenye baadhi ya vifaa. Kwa pembe hiyo, kwenye mita 30 duara hufika karibu mita 35. Mvuvi huona eneo kubwa zaidi na sauti hufika mbali zaidi chini, lakini hajui kama samaki anayemwona yuko chini ya mshipi wake au mita 15 pembeni.

Kwa mtumbwi au kayaki inayovua ndani ya mita 40, masafa ya 200 yanatosha. Kifaa chenye masafa mawili ni bora kama bei haijaruka sana, maana mvuvi anaweza kuanza na pia pana ili kutafuta mwamba, kisha akabadili kwenda kwenye ile nyembamba ili kujua aangushe nanga wapi. Vipo pia vifaa vya masafa ya juu sana, 455 au 800, vinavyochora sakafu ya bahari karibu kama picha. Hivi huonyesha vizuri mapango na matumbawe, lakini havishuki mbali, na baharini hushuka pafupi zaidi kuliko ziwani.

Jambo hilo la mwisho ni la kuandikwa kwa herufi kubwa. Vifaa vingi hutengenezwa kwa ajili ya maziwa, na kina kinachotangazwa kwenye boksi ni cha maji matamu. Maji ya chumvi hunyonya sauti zaidi. Kuna kifaa kidogo kinachouzwa sana ambacho mtengenezaji wake anakiandikia zaidi ya mita 480 kwenye maji matamu na chini ya nusu ya hapo baharini. Mnunuzi aulize hesabu ya maji ya chumvi. Hata hivyo asilipie kina asichokivua: Mkondo wa Pemba, nje ya Shimoni, huteremka hadi mamia ya mita, lakini hakuna mvuvi wa mtumbwi anayeshusha mshipi huko kwa mikono.

Skrini, na jua la saa sita

Skrini inayong'aa dukani inaweza kuwa kioo cheusi baharini saa sita mchana. Kabla ya kulipa, mnunuzi akitoe nje ya duka na kukitazama juani, akiwa amevaa miwani ya jua kama huwa anaivaa, kwa sababu baadhi ya miwani hufanya skrini ionekane nyeusi ikitazamwa kwa pembe fulani. Skrini ya inchi 4 au 5 inatosha kwa chombo ambacho mvuvi ameketi hatua moja kutoka nacho. Ya inchi 7 hupendeza macho, lakini hula betri zaidi na hushika upepo.

Kifaa kiwe na alama ya IPX7 au zaidi. Alama hiyo ina maana kwamba kimejaribiwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kwa chombo kinachopigwa na mawimbi kila dakika hilo ni hitaji la lazima.

Vifaa vinavyoona pembeni, au vinavyoonyesha samaki wakiogelea moja kwa moja kama televisheni, havifai kwa kazi hii. Vya kwanza vinataka chombo kiende sawasawa kwa mwendo usiobadilika, jambo gumu kwa kafi. Vya pili vina bei kubwa na vinataka betri nzito.

Kuna aina nyingine, mpira mdogo unaoelea na kutuma picha kwenye simu bila waya. Unafaa kwenye mabwawa ya samaki na kwenye maji matulivu ya mikoko, kama ghuba ya Gazi. Hauhitaji betri ya nje wala kutoboa chombo. Ubaya wake ni kwamba simu ndiyo inayokuwa skrini, nayo hulowa, huishiwa chaji na haionekani vizuri juani. Na mpira wenyewe ukifunikwa na wimbi, mawasiliano hukatika.

Mahali pa kuweka transdyusa

Ushauri ulio kwenye vijitabu vya vifaa hivi umeandikwa kwa kayaki na boti za ng'ambo. Kwa chombo cha plastiki chembamba au cha faiba isiyo na tabaka la povu ndani, transdyusa inaweza kugandishwa ndani ya chombo kwa gundi ya epoksi, na sauti ikapita kwenye ukuta hadi majini. Sharti ni kwamba kusibaki hata kipovu cha hewa kwenye gundi, maana hewa huzuia sauti. Baadhi ya kayaki zina tundu maalumu chini kwa ajili hiyo.

Mbao ni habari nyingine. Mtumbwi wa gogo au hori ya mbao haipitishi sauti vizuri, kwa hiyo transdyusa lazima iguse maji yenyewe. Njia nyepesi ni kuifunga kwenye ncha ya fito au bomba la plastiki linaloshushwa ubavuni na kukazwa kwa kamba, kisha kupandishwa wakati wa kupita kwenye maji madogo au kuvuta chombo ufuoni. Iwe chini ya usawa wa sakafu ya chombo na itazame chini wima. Ikiinama, itaonyesha kina kikubwa kuliko cha kweli. Kwa ngalawa, ifungwe upande ambao haukwaruzani na matengo, na isiwe karibu na mahali kafi linapochota maji, kwa sababu povu la kafi huonekana kwenye skrini kama kundi la samaki.

Waya wa transdyusa usikatwe ili kufupishwa. Ziada yake izungushwe na kufungwa.

Betri

Vifaa vingi vidogo hutumia umeme wa volti 12. Hesabu yake si ngumu. Kifaa kinachotumia ampea 0.4, kikiwashwa kwa saa 8, hula ampea-saa 3.2. Betri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 7 inatosha siku nzima. Ina uzito wa kilo 2 na kidogo. Betri ya lithiamu ya uwezo kama huo ni ghali zaidi lakini uzito wake ni nusu au chini ya hapo, na inaweza kutumiwa karibu yote bila kuharibika. Paneli ndogo ya sola nyumbani huichaji kwa siku moja ya jua, mradi kuna kidhibiti chaji kinacholingana na aina ya betri.

Wapo wanaofikiria kutumia betri kuukuu ya bodaboda. Betri hiyo imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya ghafla, haikutengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kutwa nzima. Ikiwa ni ile ya kujazwa asidi, chombo kikipinduka asidi humwagika juu ya mtu. Betri iwe iliyofungwa kabisa, ikae ndani ya kisanduku kisichoingia maji, na iwekewe fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kijitabu cha kifaa.

Kusoma picha

Upande wa kulia wa skrini ndio sasa. Kila kilicho kushoto kimeshapita. Mvuvi anayeona kundi la samaki katikati ya skrini na kushusha mshipi hapo hapo anavua mahali ambapo chombo kimeshaondoka, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Samaki anayepita kwenye pia ya sauti huchorwa kama upinde. Lakini chombo kikiwa kimetia nanga na samaki ametulia chini yake, hachorwi upinde bali mstari mrefu, hata kama ni samaki mmoja tu. Urefu wa mstari ni muda aliokaa, wala si ukubwa wake. Sakafu ngumu ya mwamba huonekana kama utepe mnene wa rangi kali, na mara nyingi utepe wa pili hutokea chini yake, kwa sababu mwangwi umegonga juu ya maji na kurudi tena. Tope huonekana jembamba na hafifu. Kwa mvuvi wa mshipi, mpaka kati ya hivyo viwili, pale utepe mnene unapoanza, una thamani kuliko alama yoyote ya samaki.

Vifaa vingi vina chaguo la kuchora vijisamaki badala ya mwangwi halisi. Ni afadhali kulizima. Kifaa hukisia tu, na jani la mkoko linalozama, povu au mkusanyiko wa vidudu vya majini huweza kuwa kijisamaki.

Vipimo huweza kuwekwa kwa mita, futi au pima. Wanaohesabu mshipi kwa mikono iliyonyooshwa watapata urahisi kwa kuchagua pima, ambayo ni karibu mita 1.8. Wakumbuke pia kwamba maji ya bamvua katika pwani hii hupanda na kushuka kwa hadi karibu mita 4. Mwamba uliosomwa mita 8 asubuhi unaweza kusomeka mita 11 alasiri, na kifaa hakina kosa.

GPS na mipaka

Ikiwa pesa zinatosha jambo moja la ziada tu, liwe GPS. Mvuvi mzoefu hupata mwamba wake kwa kulinganisha alama za nchi kavu, mnazi huu na mnara ule. Ukungu wa mvua ukishuka, alama hizo hupotea, na njia ya kurudi nyumbani hupotea nazo. GPS huhifadhi mahali pa mwamba na mahali pa kuingilia kwenye mlango wa mwamba.

Pia inasaidia kwenye mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite, inayosimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya, hairuhusu uvuvi wowote. Katika Hifadhi ya Akiba ya Mpunguti iliyo jirani, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kuna pia maeneo tengefu ambayo jamii zenyewe zimekubaliana kuyafunga. Na kwa wavuvi wa Vanga na Jimbo kuna mpaka wa Tanzania, ambao juu ya maji hauna ukuta wala kigingi. Vifaa vya bei ya chini havina ramani, kwa hiyo havimwonyi mtu kwamba amevuka. Mvuvi huingiza mwenyewe nambari za mipaka, na ni vyema azipate kutoka kwa afisa wa uvuvi au kamati ya BMU ya bandari yake badala ya kuzikisia.

Nguvu hii ina upande wake mchungu. Tewa na tafi hukusanyika kwa wingi mahali na nyakati maalumu ili kutaga, na mwamba wa namna hiyo ukishahifadhiwa kwenye GPS na kupitishwa kutoka simu hadi simu, unaweza kumalizwa katika misimu michache. Samaki aliyevuliwa akiwa na mayai tumboni siku moja, na mwenzake vivyo hivyo, na mwingine tena mahali pale pale, ni dalili ya kuondoka hapo. BMU kadhaa zikikubaliana juu ya miamba ya kuacha wakati wa kutaga, faida itawarudia wenyewe.

Kabla ya kifaa

Hakuna skrini inayotangulia jaketi la kuokoa maisha. Anayeingia baharini kwa chombo kidogo awe amelivaa, asilikalie kama mto. Filimbi, tochi na simu iliyo ndani ya mfuko usioingia maji hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kifaa. Chombo kiwe kimesajiliwa na mvuvi awe na leseni, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Hilo linawahusu pia wavuvi wa burudani wenye kayaki, ambao wengine hudhani kwamba kwa kuwa hawauzi samaki, sheria haiwahusu.

Siku ya kukijaribu

Mnunuzi adai risiti na hati ya dhamana, na ahakikishe kwamba transdyusa, waya wa umeme na kishikilio vimo ndani ya boksi. Wakati mwingine skrini huuzwa peke yake kwa bei inayovutia, na transdyusa ikawa ya kutafutwa kwingine.

Jaribio la kwanza lifanywe siku ya maji mafu na upepo mdogo, karibu na ufuo, mahali ambapo mvuvi anajua kuna mchanga na mahali ambapo anajua kuna mwamba. Atie nanga na kushusha risasi kwa kamba, apime kwa mikono yake, kisha alinganishe na namba iliyo kwenye skrini, akikumbuka kuongeza kina ambacho transdyusa yenyewe imezama. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu mita kwenye mita 10, transdyusa imeinama au kuna hewa kwenye gundi. Baada ya hapo apite juu ya mchanga na mwamba mara kadhaa bila kuvua, mpaka aweze kutofautisha nepi za rangi hizo mbili bila kufikiri.

Kila jioni skrini, transdyusa na viungo vya waya vioshwe kwa maji matamu na kukaushwa, na viungo vipakwe grisi kidogo. Kitambaa kikavu chenye chembe za chumvi kisitumiwe kufuta skrini, maana huikwaruza.

Wanaotaka kusajili chombo, kupata leseni au kupata nambari za mipaka ya maeneo yaliyofungwa wanaweza kufika katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu nao au kuzungumza na kamati ya BMU ya bandari yao.